Jinsi ya kukadiria kama kansa ya thairoidi imefika kwenye tezi za limfu: ultrasaundi, damu na sindano, hatua kwa hatua

Kuna ripoti yangu moja ya miaka ya mwanzo kwenye chumba cha ultrasaundi ambayo mpaka leo naikumbuka. Dada mmoja wa kama miaka thelathini alikuja na kivimbe upande wa kulia wa shingo, nikakipima, nikakieleza vizuri tu, sentimita ngapi, mipaka ikoje, chengachenga nyeupe zilizomo ndani, nikasaini. Pembeni ya shingo sikupitisha probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine, hata mara moja. Akafanyiwa oparesheni, thairoidi ikatolewa yote, na kabla mwaka haujaisha akarudi na tezi zimejitokeza pembeni chini ya msuli, kansa ileile, ikabidi afunguliwe tena kwenye shingo ambayo tayari ina makovu. Inawezekana kabisa zile tezi zilikuwepo siku ileile niliyompima na jeli ilikuwa bado iko shingoni kwake, zilikuwa zinahitaji dakika kumi zangu tu.

Kwahiyo huu mwongozo nauandika kwa ajili ya wadogo zangu walioko kwenye radiolojia, madaktari wa intani, maklinikali ofisa, na yeyote hapa Dar anayeandika au kusoma ripoti ya shingo. Swali tunalolijibu ni moja: kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu, sehemu gani za shingo zina tezi za limfu zenye kansa, ili azitoe mara ya kwanza na mara moja. Oparesheni ya marudio ndo inayoumiza watu, mshipa wa fahamu wa sauti unakuwa umenasa kwenye kovu na ukiguswa mtu anabaki na sauti ya kukwaruza, na vile vitezi vinne vidogo vya nyuma ya thairoidi vinavyolinda kalsiamu vikiondoka mtu anabaki na ganzi mdomoni na vidole kukakamaa na vidonge vya kalsiamu labda maisha yote.

Kwenye mwongozo huu nikisema thairoidi namaanisha ile tezi ya mbele ya shingo, ile ambayo ikivimba watu wanaita goita au rovu. Nikisema tezi za limfu namaanisha zile kama zinazovimba ukiumwa koo, watu wa mtaani wanaziita matezi au mitoki. Usizichanganye, maana mgonjwa akija anasema "nina tezi" hujui bado anasema ipi.

Hatua ya kwanza: jua ni kansa ya aina gani, maana hazitembei njia moja

Papilari ndo nyingi zaidi duniani, na hii inapenda sana njia ya limfu, inaingia kwenye tezi za shingo mapema hata ikiwa ndogo. Ukitumia patholojia ya kawaida unakuta kati ya asilimia 20 na 50 ya wagonjwa wa papilari wana kansa kwenye tezi za shingo, na ukikata vipande vyembamba sana na kutafuta chembe za chini ya milimita 2 namba inapanda sana. Folikula inapendelea njia ya damu, inaenda mapafuni na kwenye mifupa, shingo inaweza kuwa safi kabisa huku mgonjwa analalamika paja linauma. Maeneo yenye upungufu wa madini joto (ayodini) folikula huwa na sehemu kubwa zaidi, na sisi tuna wagonjwa wengi kutoka mikoa ya nyanda za juu wenye goita za miaka mingi, kwahiyo hili liwe kichwani. Medula inatoka kwenye seli tofauti kabisa, zile zinazotengeneza kalsitonini, na inakimbilia tezi za limfu mapema sana, hii nitaigusa kwenye damu.

Kwahiyo ukiona shingo safi kwa mtu wa folikula usipumue, na ukiona papilari ya sentimita moja kwa kijana usidharau.

Hatua ya pili: maswali kabla ya probu

Haya ni ya dakika mbili lakini yanabadilisha macho yako. Umri na jinsia kwanza: kwenye papilari vijana wanasambaza kwenye tezi kirahisi kuliko wazee, na wanaume zaidi ya wanawake, ingawa wanawake ndo wanaougua wengi. Umri unachanganya akili kidogo hapa, kijana anasambaza zaidi ila anapona vizuri zaidi, ndo maana kwenye toleo la 8 la mfumo wa AJCC wa kupanga hatua za kansa mtu wa chini ya miaka 55 mwenye tezi shingoni bado anahesabiwa hatua ya kwanza kama hakuna kitu mbali, na wa 55 na kuendelea mwenye tezi anaanzia hatua ya pili.

Alafu uliza: sauti imebadilika? Kuna mtu kwenye ukoo alishakuwa na kansa ya thairoidi, au presha ya ajabu ya ghafla na uvimbe kwenye figo kwa juu? Alishapigwa mionzi shingoni utotoni? Ameshatibiwa TB, ana kikohozi, homa za jioni, amepungua? Anatumia ARV? Na swali ambalo wengi hawaulizi: anameza vidonge vya nywele na kucha? Nitarudi kwenye hilo la mwisho.

Hatua ya tatu: mlaze vizuri

Mgonjwa alale chali, weka mto au shuka iliyokunjwa chini ya mabega siyo chini ya kichwa, shingo inyooke na kidevu kiende juu. Kama ni mama aliyevaa ushungi au hijabu funga mlango kwanza, mwambie kwa heshima, "Shikamoo mama, naomba tulegeze hapa shingoni mpaka kwenye mtulinga, tuko wenyewe," mpe kanga afunike kifua. Mtu akiwa na wasiwasi anakaza misuli na wewe picha inakuwa mbovu. Wazee wenye shingo inayouma usiwakunje kwa nguvu, wainue kidogo kidogo.

Probu ni ile bapa ya masafa ya juu, megahezi 7.5 mpaka 15 hivi. Ile ya tumbo usiitumie, nimeona watu wanapimia shingo kwa probu ya mama wajawazito na ripoti inaandikwa kabisa. Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea, ishushe kiwango cha kasi, damu ya kwenye tezi ndogo inatembea polepole sana, ukiiacha kwenye mpangilio wa mishipa mikubwa utaandika haina damu na kumbe ipo.

Hatua ya nne: kivimbe chenyewe

Hapa nitapita haraka maana watu wengi wanajua. Tumia TI-RADS, ule mfumo wa pointi wa ACR, chama cha radiolojia cha Marekani, wa mwaka 2017, hesabu pointi. Kivimbe kigumu chote pointi 2, cheusi kuliko nyama ya thairoidi ya jirani pointi 2, kirefu kwenda ndani kuliko upana pointi 3, mipaka yenye vijipembe pointi 2, vidoa vyeupe vidogo vidogo pointi 3, hapo una 12 na kuanzia 7 kwenda juu ni kundi la 5, ambalo likifika sentimita 1 linachomwa sindano nyembamba ya kuvuta seli.

Kwa swali letu la tezi angalia vitu vinne vya ziada na uviandike. Ukubwa, maana kikizidi sentimita moja uwezekano wa tezi unapanda. Vingapi, kimoja au vingi. Kinagusa ganda la thairoidi kiasi gani, au kimeshalitoboa na kuingia kwenye msuli wa mbele. Na kiko wapi, juu, katikati au chini. Hicho cha mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kivimbe cha ncha ya juu ya thairoidi kina tabia ya kuruka kituo, kinaacha tezi za katikati na kwenda moja kwa moja pembeni, kama daladala iliyojaa inavyopita kituo bila kusimama. Usipoijua tabia hiyo utaona katikati pasafi na kusema pembeni hakuna haja.

Hatua ya tano: pitisha probu shingo nzima, kwa utaratibu uleule kila siku

Hii ndo hatua niliyoiruka mimi. Shingo imegawanywa kwa namba na daktari wa upasuaji anaongea kwa hizo namba, ukimwandikia "tezi upande wa kulia" hujamsaidia. Namba 1 ni chini ya kidevu na taya, kansa ya thairoidi haiendi huko mara nyingi. Namba 2 ni juu pembeni, kutoka chini ya fuvu mpaka usawa wa mfupa wa haioidi. Namba 3 kutoka hapo mpaka usawa wa chini wa krikoidi, lile gegedu la pete chini ya koromeo. Namba 4 kutoka krikoidi mpaka mtulinga. Zote hizi tatu ziko kwenye mshipa wa jugula chini ya ule msuli mkubwa wa pembeni. Namba 5 ni nyuma ya huo msuli. Namba 6 ni katikati, kati ya mshipa wa karotidi wa kulia na wa kushoto, kutoka haioidi mpaka kishimo cha juu ya kifua, na chini yake inaendelea namba 7.

Mimi naanza hivi, na nakushauri upate mpangilio wako na usiubadilishe hata ukiwa na foleni ya watu arobaini nje: naweka probu kwa upana chini ya taya la kulia, natafuta karotidi na jugula, nashuka nazo polepole mpaka kwenye mtulinga, ninapofika chini nainamisha probu kuchungulia nyuma ya mfupa, napanda tena kwa nyuma ya msuli, alafu nahamia kushoto nafanya hivohivo, namaliza katikati, na hapo namwambia mgonjwa ameze mate na ageuze kichwa kidogo upande wa pili ili ile kona kati ya bomba la hewa na karotidi ifunguke. Jugula ikikusumbua kwa kulala mwambie apumue ndani abane kidogo, itajaa. Kila tezi yenye shaka ipigwe picha mbili, kwa urefu na kwa upana, na uandike namba yake ukiwa bado umeiona, usitegemee kumbukumbu.

Tezi ya namba 4 ya kushoto ikiwa peke yake, kubwa, na thairoidi haina kitu cha maana, simama kwanza. Hapo ndo panapopokea mizigo kutoka tumboni na kifuani, na sisi tuna kansa ya koo la chakula nyingi ukanda huu. Usiisukumie thairoidi kwa sababu tu fomu imeandikwa thairoidi.

Na lazima niseme ukweli kuhusu namba 6. Thairoidi ikiwa bado ipo inazifunika, hewa ya kwenye bomba inaharibu picha, na tezi zenyewe ni ndogo. Pembeni ultrasaundi inaona vizuri, katikati inakosa nyingi. Tufanye hesabu ya mfano tu ili uone uzito wake. Chukulia watu 100 wa papilari, 40 wana kansa kwenye namba 6, na mashine inazikamata 3 kati ya kila 10. Itaona 12 na kukosa 28. Chukulia pia kati ya wale 60 wazima inawasingizia 6. Waliobaki ulioandika "pasafi" ni 82, na ndani yao 28 wana kansa, yani mmoja kati ya kila watatu. Kwahiyo usiandike "hakuna kansa katikati", andika "hakuna tezi yenye shaka iliyoonekana namba 6, uwezo wa kuona umepungua kwa sababu thairoidi ipo". Hilo sentensi refu linalinda mtu.

Hatua ya sita: isome tezi

Tezi nzima ina umbo la haragwe na katikati ina mstari mweupe wa mafuta, tunauita hailamu, na damu inaingilia hapo mlangoni. Ukiuona huo mstari vizuri na damu inaingilia hapo, umeshapata sababu kubwa ya kutulia.

Tezi ya shaka inapoteza mstari, inakuwa duara, urefu haufiki mara mbili ya upana. Hayo mawili peke yake ni dhaifu, hasa mstari kukosekana kwenye tezi ndogo. Yenye nguvu ni haya manne: vidoa vyeupe vidogo ndani ya tezi, vishimo vya maji ndani yake, nyama ya tezi kung'aa mpaka inafanana na thairoidi yenyewe, na damu kuzunguka pembezoni badala ya kupita mlangoni. Ukiona vidoa vyeupe au maji kwa mtu mwenye kivimbe cha kundi la 5, hapo sindano haina mjadala.

Ukubwa pima ule upana mfupi siyo urefu. Namba 2 inavumilika mpaka kama milimita 8, kwingine 5. Lakini ukubwa ni shahidi mbaya, tezi ya milimita 6 yenye maji ndani inanitisha kuliko ya milimita 14 ya namba 2 yenye mstari mzuri kwa mtu mwenye meno mabovu.

Sasa la hapa kwetu. Vitabu vingi vimeandikwa kwenye nchi ambako tezi ya shingo yenye maji ndani kwa mtu mzima inawapeleka moja kwa moja kwenye kansa. Dar es Salaam kuna TB. Tezi za TB zinakuwa na maji au usaha ndani, zinaweza kuweka chokaa, zinapoteza mstari, yani zinavaa nguo zilezile za kansa. Kinachonisaidia: za TB mara nyingi zimeshikamana kama kichane, nyama ya jirani imevimba na kuchafuka, chokaa yake ni mabonge kuliko vidoa, na zinapenda namba 5. Lakini hakuna hata kimoja cha kuapia, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, hilo pia lipo. Ukivuta majimaji ya rangi ya usaha gawanya, nusu saitolojia (kuangalia seli kwa hadubini), nusu GeneXpert (kipimo cha TB). Mwenye VVU anaweza kuvimba tezi shingo nzima, kwapa na kinena, kwahiyo mguse na kwapa kabla hujaandika.

Na kuna mtego wa tatu, Hashimoto. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia thairoidi na kuvimbisha tezi za namba 6 na chini ya ncha za thairoidi, zinaonekana kibao, zimejipanga. Tafiti nyingi zimeona kwamba wagonjwa wa papilari wenye Hashimoto wana kansa kidogo kwenye tezi kuliko wasio nayo, huku kwenye picha wana tezi nyingi zaidi. Kwa hiyo kabla hujaogopa hizo tezi za katikati uliza kingamwili za TPO, zile za Hashimoto, ziko ngapi.

Hatua ya saba: damu, na nini hasa inaweza kukuambia

Hapa kuna matumaini mengi ya bure kwa hiyo nitakaa kidogo.

TSH, homoni inayoisukuma thairoidi ifanye kazi, fanya kwa kila mtu. Ikiwa chini sana kivimbe kinaweza kuwa kinachofanya kazi kupita kiasi na njia inabadilika. Ikiwa juu, tafiti zinaihusisha na uwezekano mkubwa zaidi wa kansa, ila haikwambii tezi ipi imeathirika.

Thairoglobulini kabla ya oparesheni, hapa watu wanapoteza hela za wagonjwa. Thairoidi nzima inaitengeneza, goita inaipandisha, hata sindano yako ya wiki iliyopita inaipandisha, kwahiyo namba kubwa kabla ya oparesheni haisemi tezi za limfu zina kansa. Mwongozo wa ATA, chama cha thairoidi cha Marekani, wa 2015 haushauri kuipima kwa kila mtu kabla ya oparesheni. Kazi yake ni baada ya thairoidi kutoka yote, hapo ikipanda kuna kitu kimebaki au kimerudi. Na siku zote ipime pamoja na kingamwili zake, maana karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano anazo, na zikiwepo mashine nyingi zinasoma thairoglobulini chini kuliko ilivyo, unamwambia mtu yuko salama na sio. Maabara ileile, mashine ileile kila mara, ukihamisha mgonjwa kutoka maabara moja kwenda nyingine namba hazilingani tena.

Na vile vidonge vya nywele na kucha. Vinauzwa kila mahali, Kariakoo mpaka mitandaoni, na vingi vina bayotini kwa dozi kubwa. Mashine zinazotumia bayotini kwenye kipimo zinadanganyika, TSH na thairoglobulini zinashuka kwa uongo na homoni ya T4 inapanda kwa uongo. Mwambie dada aache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Swali la sekunde tano.

Kalsitonini, sasa hii ndo damu pekee inayokadiria tezi kwa kweli, ila ni kwa medula tu. Kawaida iko chini ya 10 pikogramu kwa mililita. Ikivuka 100 kwa mtu mwenye kivimbe fikiria medula kwa nguvu sana. Kwa medula iliyothibitishwa, chini ya 20 uwezekano wa tezi ni kama haupo, ikivuka 20 tezi za katikati na za pembeni upande wa kivimbe zinaingia hatarini, ikivuka 50 katikati ya upande wa pili, ikivuka 200 pembeni ya upande wa pili, ikivuka 500 angalia kifuani kwa juu na fanya picha za mwili mzima. Unaona ilivyo ngazi. Ila figo zikifeli inapanda, na omeprazole za muda mrefu zinaipandisha, na hizo kila mtu anazo nyumbani, kwahiyo uliza. Pima na CEA, alama nyingine ya kansa kwenye damu, pamoja nayo.

Alafu FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, hii nimeulizwa sana. Kuna tafiti nyingi, sehemu kubwa kutoka China, zinagawanya nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, na kusema uwiano ukizidi kiwango fulani, mara nyingi karibu na 2, tezi zinaweza kuwa na kansa. Ni rahisi, FBP iko kila kituo, ndo maana inavutia. Mimi siitumii na sababu ni hii. Sehemu kubwa ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara hawana ile alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na kukosa huko ndo kunakotukinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya vivax, na watu hawa wana nyutrofili chache kwenye damu wakiwa wazima kabisa. Mtu wako mwenye nyutrofili 1.6 na limfosaiti 2.4 ana uwiano wa 0.67. Kwa kiwango cha 2 wagonjwa wako wengi watatoka "salama" hata mwenye shingo imejaa kansa. Ongeza malaria, ujauzito, dawa za steroidi, jipu la jino, uwiano unaruka bila kansa kuhusika. Hata huko zilikotoka tafiti zenyewe hazikubaliani.

Hatua ya nane: sindano, na ujanja wa kusuuza

Tezi yenye shaka na upana mfupi wa milimita 8 mpaka 10 kwenda juu, choma kwa kuongozwa na ultrasaundi, kama jibu litabadilisha oparesheni. Tandaza kwenye slaidi kama kawaida. Alafu kabla hujatupa sindano, vuta saline mililita 1, suuza sindano, weka kwenye tyubu isiyo na dawa, omba thairoglobulini. Tezi ya limfu ya kawaida pembeni ya shingo haina kazi ya kutengeneza thairoglobulini, ukiikuta nyingi imeletwa na kansa. Chini ya nanogramu 1 kwa mililita unatulia, juu ya 10 ni kansa karibu kabisa, katikati ya hapo linganisha na saitolojia na thairoglobulini ya damu. Hii inaokoa sana tezi zenye maji ambazo slaidi zinatoka tupu, na kwetu ndo inayotenganisha TB na kansa pale macho yanaposhindwa.

Mambo mawili. Piga simu maabara kabla, sampuli ikiandikwa "thairoglobulini" na siyo damu wanaweza kuikataa, waelezee. Na namba 6 thairoidi ikiwa bado ipo sindano inaweza kupita kwenye thairoidi njiani ikabeba thairoglobulini, hapo juu ya 10 haina uzito uleule. Kwa medula suuza vilevile ila omba kalsitonini.

CT yenye dawa ya mishipa iombe pale tezi ni kubwa, zinaenda kifuani, ziko nyuma ya koo, au kivimbe kinabana bomba la hewa. Dawa ile ina madini joto na inachelewesha tiba ya ayodini ya mionzi, mwili wa wengi unaisafisha ndani ya wiki 4 mpaka 8, kwahiyo andika tarehe ya CT kwenye faili ili wenzetu wa hospitali ya kansa ya Ocean Road waione mgonjwa akifika kwao.

Hatua ya tisa: kuunganisha

Huko mtandaoni kuna nomogramu nyingi, zile karatasi za mistari ambazo unatoa pointi kwa umri, jinsia, ukubwa, ganda, vidoa, unajumlisha unapata asilimia. Zimetengenezwa kwa hesabu ya lojistiki na zingine ni nzuri kwa watu waliozitengenezea. Ukitaka kuitumia moja uliza: imejaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine tofauti na ilikotoka? Ikisema asilimia 60, ni kweli 60 kati ya 100 wanakuwa nayo? Namba ya AUC nzuri, inayoonyesha tu jinsi inavyotenganisha wenye kansa na wasio nayo, haijibu hilo swali la pili. Mpaka mtu aijaribu kwa wagonjwa wetu mimi naitumia kukumbuka vitu vya kuangalia, asilimia yake siiandiki kwenye ripoti.

Ninachofanya ni hiki, kwa mfano. Mama wa miaka 34 kutoka Mbagala, kivimbe cha sentimita 1.8 ncha ya juu kulia, pointi 12, kinagusa ganda. TSH 2.1, kingamwili za TPO kawaida, kalsitonini chini ya 10. Namba 6 sijaona kitu. Namba 3 kulia kuna tezi ya milimita 9 kwa upana, duara, haina mstari, ina kishimo cha maji. Hana kikohozi, VVU hana. Kabla ya sindano tayari naamini ni kansa: kijana, ncha ya juu, tezi ya pembeni yenye maji, na ile kuruka kituo. Slaidi zikirudi na maji matupu na GeneXpert haina kitu na suuzo likasoma 340, basi pembeni kulia inafunguliwa, na katikati pia hata kama mimi sikuona kitu, maana tezi ya pembeni ikiwa nayo siwezi kuitetea ya katikati kwa picha yangu.

Hatua ya kumi: iandike ili itumike

Ripoti yake ingesomeka hivi: "Kivimbe kigumu cheusi ncha ya juu ya thairoidi kulia, sm 1.8 x 1.4 x 1.3, kirefu kwenda ndani kuliko upana, mipaka yenye vijipembe, vidoa vyeupe, kinagusa ganda, TI-RADS 5. Tezi moja yenye shaka kubwa namba 3 kulia, mm 9 kwa upana mfupi, duara, bila hailamu, ina maji ndani, iko mbele ya jugula. Namba 2, 4 na 5 kulia na 2 mpaka 5 kushoto: tezi za kawaida. Namba 6: hakuna tezi yenye shaka iliyoonekana, uwezo wa kuona umepungua kwa sababu thairoidi ipo. Ushauri: sindano ya kivimbe na ya tezi namba 3 pamoja na suuzo la thairoglobulini na GeneXpert." Chora na shingo kwa kalamu uweke alama, madaktari wa upasuaji wanaipenda picha hiyo na wanaipeleka tieta.

Kitu cha mwisho nina daftari la kaunta, safu tano: namba ya faili, nilichosema mimi kwa kila sehemu ya shingo, suuzo, patholojia ilichokuta, tofauti. Kila mwisho wa mwezi naenda dirisha la patholojia najaza safu ya nne. Safu ya tano ya namba 6 ndo imejaa zaidi.